GAD-7, BAI, HADS au SRQ-20: fomu ipi ya kupima wasiwasi inafaa kliniki zetu za huku Kusini

Juzi tabibu mwenzangu aliyeko Ruangwa kanipigia simu, anasema mkuu nataka nianze kupima wasiwasi kwa wagonjwa wangu wa presha na sukari, nichukue fomu gani? Nikaanza kumjibu, salio likakata katikati nikiwa bado niko kwenye fomu ya kwanza, ndo nikaona bora niandike tu yote niliyonayo kichwani, maana hilo swali naulizwa mara kwa mara na jibu lake sio jina moja.

Mi niko Mtwara mjini, kliniki ya wagonjwa wa nje, na hizi fomu karibu zote nimeshika mkononi nikawasomea watu. Nianze na kitu kimoja ili tusije tukalaumiana baadae: hakuna fomu hata moja hapa inayokuambia "huyu ana ugonjwa wa wasiwasi". Ni chekecheke. Kila chekecheke ina matundu yake, nyingine inapitisha chenga, nyingine inazuia mpaka unga wenyewe. Ugonjwa unaujua ukikaa na mtu mkazungumza.

Niliyoanza nayo ilikuwa BAI, na sababu yenyewe ni ya kijinga, ndo niliyoikuta kwenye flashi ya mtu. Hii (Beck Anxiety Inventory) ni ya Beck na wenzake, ya mwaka 1988, ina vipengele 21, kila kimoja kinapewa 0 hadi 3, jumla inafika 63, na inauliza wiki moja iliyopita pamoja na leo. 0 mpaka 7 ni kidogo sana, 8 mpaka 15 hafifu, 16 mpaka 25 wastani, 26 kwenda juu ni kali. Nikaipeleka kliniki ya sukari na presha nikiwa na matumaini makubwa. Asubuhi ile ile nikawa na wagonjwa sita mfululizo "wakali", nikajua kuna kitu hakiko sawa, haiwezekani benchi zima.

Shida ukiangalia maswali yenyewe unaiona. La kwanza kabisa ni ganzi au kuchomwachomwa, sasa mtu wa sukari wa miaka kumi unamuuliza ganzi ya miguu, atakwambia hapana? La pili kusikia joto mwilini, Mtwara, Desemba! Halafu moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kizunguzungu, kukosa pumzi, jasho. Sukari ikishuka ndo hayo hayo: jasho, kutetemeka, moyo mbio. Mwenye pumu aliyetoka kuvuta salbutamol ndo hayo hayo. Mama anayeelekea kukoma hedhi ndo hayo hayo. Kwa hiyo fomu inapima mwili mgonjwa, we unaandika wasiwasi.

Ila nisiionee, BAI ilitengenezwa kwa wagonjwa wa afya ya akili, na lengo lilikuwa kutenganisha wasiwasi na sonona (depression), ndo maana wakaegemea kwenye mwili, kwa sababu mawazo mabaya yako pande zote mbili ila mapigo ya moyo na kutetemeka yako zaidi upande wa wasiwasi. Nilikuwa na kijana wa bodaboda, mzima wa afya, vipimo vyote safi, anakuja anasema moyo unataka kutoka nje, dakika kumi halafu unatulia, anadhani anakufa. GAD-7, nitaieleza hapo chini, ilimpa 6 tu kati ya 21. BAI ikampa 31. Huyo ni mtu wa hofu ya ghafla, na pale BAI ilinisaidia kuliko nyingine zote. Kwa hiyo kwa kijana asiye na ugonjwa mwingine wa mwili, sawa. Kwa kliniki ya presha, achana nayo. Na kingine, BAI ina mwenyewe, inauzwa, ile kopi ya flashi ilikuwa ya wizi kusema ukweli.

Sasa GAD-7. Mwaka 2006, Spitzer, Kroenke na wenzao, Marekani, kwenye kliniki 15 za huduma za kawaida, wagonjwa 2,740, halafu 965 kati yao wakapigiwa simu na wataalamu wa afya ya akili kuhakikisha. Maswali saba, wiki mbili zilizopita, 0 hadi 3 kila moja, jumla 21, mistari, yaani alama ambapo wasiwasi unaanza kuitwa hafifu, wastani na mkali, ni 5, 10 na 15. Ni bure, unaprinti unatumia, huombi ruhusa kwa mtu. Na maswali yake mengi ni ya moyoni na kichwani: kuwa roho juu, kushindwa kuzuia mawazo, kuwaza mambo mengi kupita kiasi, kushindwa kutulia, kukasirika upesi, kuogopa kama kuna baya linakuja. Ganzi hakuna, jasho hakuna. Mgonjwa wa sukari hapati pointi za bure.

Hapa lakini nataka watu waelewe namba, maana naona wengi wanasoma "inakamata asilimia 89" wanafurahi wanafunga kitabu. Kwenye ule utafiti, mstari wa 10 ulikamata asilimia 89 ya wenye ugonjwa wa wasiwasi wa jumla, na uliwaacha salama asilimia 82 ya wasio nao. Safi. Sasa chukua watu 100 kwenye benchi, tuseme kumi kati yao kweli wanaumwa (namba ya mfano tu, sio ya Mtwara). Fomu itakamata tisa. Waliobaki ni 90, asilimia 18 ya hao watakamatwa bure, ni kama 16. Kwa hiyo una watu 25 mkononi wenye alama ya "wasiwasi", na wanaoumwa kweli ni tisa. Tisa kati ya 25! Ukiwaandikia wote 25 dawa umewanywesha 16 bure. Na kadri ugonjwa unavyokuwa adimu pale ulipo ndivyo wa bure wanavyozidi. Unaweza kupandisha mstari mpaka 15, wa bure watapungua, ila na wagonjwa wa kweli wengi watakuponyoka. Hakuna mstari wa ajabu, unachagua kosa unaloweza kulibeba, na kama hauna mtu wa kukaa na hao 25 kuzungumza nao basi hata kuanza usianze.

Kuna waliosema baadae kwamba ukitaka kukamata aina nyingine za wasiwasi pia, hofu ya ghafla, hofu ya watu, shushia mpaka 8. Yule kijana wangu wa bodaboda na 6 yake bado angeponyoka.

Shida kubwa ya GAD-7 huku kwetu haiko kwenye namba, iko kwenye majibu. Yale majibu manne: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Nilimsomea bibi mmoja wa vijijini huko, nimeshamwamkia shikamoo, tumeongea mvua na mihogo, nikaanza.

"Bibi, ndani ya wiki hizi mbili, umeshindwa kuyazuia mawazo? Hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku?"

"Mjukuu wangu, zaidi ya nusu ya siku mi niko shamba, mawazo yananipata usiku."

Na ana haki! Kiswahili chake kiko sawa, cha kwenye karatasi ndo kibovu, "nusu ya siku" ni mpaka saa sita mchana. Tangu hapo nasema "siku nane au zaidi kati ya hizo 14", na kwa wasiopenda namba natumia punje. Nilijaribu korosho ghafi 14 mezani, unamwambia tenga za siku ulizosumbuka, wazo zuri kabisa, ila kila mzee aliyekaa mbele ya zile korosho mazungumzo yalihamia kwenye bei ya mnada na chama cha ushirika kimechelewesha malipo, dakika ishirini zimekwisha sijapata hata swali la pili. Nikahamia maharage. Maharage hayana siasa.

(Ila na hilo nalo ni jibu. Mtu anayesubiri hela ya korosho huku ada inadaiwa atapata pointi nyingi na haumwi, ana deni. Ndo maana uangalie lile swali la mwisho la GAD-7 ambalo halina pointi, linalouliza haya mambo yamekukwamisha kiasi gani kwenye kazi, nyumbani na kuishi na watu. Wengi wanalikata wakiprinti ili karatasi iishe sawa. Msilikate.)

Na neno lenyewe "wasiwasi" nalo liangaliwe. Ukimuuliza mtu wa pwani "una wasiwasi?" anaweza kusikia mambo matatu tofauti. Kwanza kama unamuuliza anamshuku nani, maana "nina wasiwasi naye" ni kumtilia mtu shaka. Pili wale wasiwasi wa shetani kwenye swala, mtu anarudia udhu mara tatu. Tatu ni adabu tu, "usiwe na wasiwasi" tunaambiana kila saa kwa hiyo jibu linatoka lenyewe, "sina wasiwasi daktari". Watu hapa wakiumwa hivi wanasema nina mawazo, roho iko juu, moyo haukai, silali. Wengine wanasema "presha inanipanda" na hapo we uko kliniki ya presha, utapima, utakuta 120 kwa 80, utamwambia huna shida nenda nyumbani! Swahili ya GAD-7 imeshafanyiwa utafiti Kenya, upande wa Kilifi, kwa watu wazima wanaoishi na VVU, kwa hiyo huanzi sifuri, ila Kiswahili cha Kilifi na cha bibi wa Tandahimba anayeota ndoto kwa Kimakonde bado kuna safari.

HADS sasa. Kwenye karatasi ndo ilipaswa kuwa bingwa wetu. Zigmond na Snaith waliitengeneza 1983 makusudi kwa wagonjwa wa hospitali wenye magonjwa ya mwili, wakatoa dalili zinazochanganya kama kizunguzungu, kichwa kuuma na uchovu. Vipengele 14, saba vya wasiwasi saba vya sonona, kila upande jumla 21, 0 hadi 7 kawaida, 8 hadi 10 mpakani, 11 kwenda juu ni wa kumwangalia. Unapata viwili kwa mpigo mmoja. Kwa wodi ya upasuaji, kansa, moyo, mi ningeichagua bila kufikiri mara mbili.

Lakini. Kuna swali linalouliza kama unapata hofu fulani kama vipepeo tumboni. Waingereza wanaelewana wenyewe. Tafsiri niliyoikuta mimi ilikuwa imeandika vipepeo hivyo hivyo, nikamsomea mzee mmoja, akanyamaza, akaniangalia, akauliza kama dawa ya minyoo anaipata hapa hapa au dirishani. Watu wakapendekeza "tumbo joto", ni kweli vijana wanasema tumbo joto kabla ya mechi au matokeo ya mtihani, ila mzee mwenye vidonda vya tumbo ukimuuliza tumbo joto atakuelezea kiungulia chake kuanzia mwaka juzi. Ukiandika "moyo kushtuka kwa hofu mpaka unaisikia tumboni" ndo angalau inaeleweka. Na shida ya pili, kila swali la HADS lina majibu yake tofauti, na mengine yamegeuzwa, mara jibu la kwanza ndo baya mara la mwisho. Kwa mtu anayejisomea hamna neno. Ukimsomea kwa sauti, swali la tano ameshapotea, na we mwenyewe umeshapotea. Tatu ina leseni, inalipiwa.

Kwa hiyo GAD-7 na HADS zikikaa pamoja mezani: kama wagonjwa wako wanasoma wenyewe, wamelazwa, na hospitali imelipia, HADS. Kama unasoma we na foleni imefika mlangoni, GAD-7.

Kuna swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza kabisa na karibu wote tunalisahau: hii fomu itasomwa kwa macho au itasikiwa kwa sikio? Kwa sikio, SRQ-20 inawashinda wote. Ni ya Shirika la Afya Duniani, ilibuniwa kwa ajili ya vituo vya huduma za msingi kwenye nchi kama zetu, maswali 20, majibu ndiyo au hapana basi, siku 30 zilizopita. Kichwa kinakuuma mara kwa mara? Unalala vibaya? Unaogopa kirahisi? Mikono inatetemeka? Bibi anajibu mnaenda, mnaenda, mmemaliza, hakuna punje hakuna maharage. Nilipohamia kwenye hii kwa wazee niliokoa nusu ya muda.

Kasoro yake ni kwamba haitenganishi. Inakwambia huyu roho yake haiko sawa, haisemi ni wasiwasi au sonona au vyote. Na ina maswali ya mwili kadhaa, kichwa, tumbo, uchovu, kwa hiyo ile shida ya BAI inarudi kwa mlango wa nyuma ingawa kidogo. Mstari wake wengi huuweka kwenye 7 au 8 ila unahama nchi kwa nchi. Pia, na hili naomba mnisikie, swali la 17 linauliza kama umewahi kuwaza kuyamaliza maisha yako. GAD-7 haina hilo, BAI haina, HADS haina. Ukiwa na SRQ-20 mkononi lazima ujue kabla hujaanza: akisema ndiyo, nafanya nini, nampigia nani, anakaa wapi mpaka huyo mtu afike. Usiliulize swali hilo koridoni mjukuu wake amesimama pembeni anatafsiri Kimakonde.

HSCL-25 (Hopkins Symptom Checklist) iko karibu nayo, maswali 25, kumi za wasiwasi na 15 za sonona, 1 hadi 4, unachukua wastani, mstari wa kawaida unaotajwa ni 1.75. Hii ina sifa moja nzito kwetu, ilipimwa Dar es Salaam kwa wajawazito wenye VVU, matokeo yakatoka 2002, na mstari uliofaa kwa sonona ukaonekana uko chini kabisa ya 1.75. Yaani wangeenda na namba ya vitabuni wangewakosa wengi. Kila nikiona mtu ananakili mstari kutoka Ulaya nakumbuka hilo. Ila humo kuna swali la hamu ya tendo la ndoa, na nesi wa miaka 24 kumuuliza mzee wa miaka 70 hilo, huku amemwamkia shikamoo babu sasa hivi, jibu utakalopata ni heshima tu, sio ukweli.

Mbili nizipitie haraka. HAM-A ya Max Hamilton, 1959, mgonjwa hajazi, unajaza we baada ya mazungumzo, vipengele 14, 0 hadi 4, jumla 56. Ni nzuri kufuatilia mtu ambaye tayari unajua anaumwa, dawa imemsaidia au vipi, na ni bure. Ila wawili wasiofundishwa pamoja mtampa mgonjwa mmoja alama mbili tofauti, na mwili umejaa tele humo. STAI ya Spielberger ina maswali 40, 20 ya unavyojisikia sasa hivi na 20 ya ulivyo siku zote, hilo wazo ni zuri mno, hasa kabla ya upasuaji, ila maswali 40 kwa mtu aliyepanda basi Newala alfajiri na hajala, tena mengine yamegeuzwa, tena inalipiwa. Hapana.

Na ukisoma tafiti za kulinganisha hizi fomu utakutana na "alfa" ya 0.92, GAD-7 inayo, BAI inayo, watu wanaitaja kama alama ya ubora. Alfa inasema tu maswali yanaenda pamoja. BAI yangu ya kliniki ya sukari nina hakika maswali yalikuwa yanaenda pamoja vizuri sana, yote yalikuwa yanapima sukari. Na ukirudia fomu baada ya wiki ukapata namba tofauti usikimbilie kusema fomu mbovu, ile ya "sasa hivi" ya STAI inatakiwa ibadilike. Kitu ninachokiamini zaidi hakina namba: unamsomea mtu swali halafu unamwambia, mama, niambie kwa maneno yako nimekuuliza nini. Watu kumi tu. Vipepeo wote wanatoka hapo.

Kwa hiyo kaka wa Ruangwa, salio likirudi: kwa presha na sukari chukua GAD-7, soma mwenyewe kwa sauti, mstari uwe 10 kwa kuanzia, lile swali la mwisho liwepo. Wazee ambao yale majibu manne yanawachanganya wape SRQ-20, ila panga kwanza cha kufanya na lile la 17. Wale 30 wa mwanzo kaa nao wote, waliopita mstari na wasiopita, uzungumze, uandike pembeni we unaonaje, halafu ulinganishe na fomu, hapo ndo utajua mstari wa Ruangwa uko wapi. Kijana mzima anayesema anakufa dakika kumi halafu hafi, GAD-7 yake isikudanganye, muulize mwili. Tafsiri yangu ya majibu nitakutumia kwa picha, na maharage 14 kwenye kikopo yapo, nikija huko nakuletea, korosho acha kabisa.